Soko lisilo na wateja

Katikati ya Agosti, na tena siku za mwisho za Desemba, treni za alfajiri za Tokyo zinazoelekea Ariake hujaa watu wenye mabegi matupu mgongoni. Wanakwenda Tokyo Big Sight, jengo la maonyesho lililo kando ya ghuba, ambalo sehemu yake ya juu ni piramidi nne zilizopinduliwa kichwa chini. Humo ndimo hufanyika Comic Market, ambayo kila mtu huiita Comiket. Kijana wa Tandika au wa Kayole aliyekulia kwenye Naruto na One Piece analijua jina hilo, na akipata nafasi ya kufika Japani, kwa masomo au kwa matembezi, swali lake la kwanza huwa ni tarehe. Tarehe ni rahisi kupata. Swali analopaswa kujiuliza kabla ya hilo ni jingine: naenda pale kama nani?

Wahenga walituachia kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Comiket hawangoji siku ya tatu. Jembe unakabidhiwa mlangoni. Waandaaji wake wana kanuni moja wanayoirudia katika kila mwongozo wanaoutoa: pale hakuna mteja. Kuna washiriki tu. Wapo washiriki wenye meza, wapo washiriki wanaojitolea kuendesha shughuli bila malipo, na wapo washiriki wa kawaida, yaani wewe uliyekuja na begi lako na orodha yako. Wote wana haki ileile na mzigo uleule. Nimesoma miongozo mingi ya maonyesho makubwa ya dunia, na mingi hukuambia utakachopata. Huu hukuambia kwanza unachodaiwa, na ndiyo maana naupenda.

Kinachouzwa pale huitwa dojinshi: vitabu ambavyo watu wamevitunga, wakavichora na kulipia uchapaji wenyewe, pasipo kampuni ya uchapishaji nyuma yao. Wengi huchukua wahusika wa hadithi mashuhuri na kuwapa maisha mengine. Katikati ya miaka ya 1980 soko hili lilifurika watu kwa sababu ya soka: Captain Tsubasa, manga ya Yoichi Takahashi iliyoanza mwaka 1981, iliwavutia wasichana wengi mno walioketi kuandika na kuchora hadithi zao wenyewe juu ya wale wavulana wa uwanjani. Aliyewahi kukaa kwenye kibanda cha video huku DJ akimtia mwigizaji wa Hong Kong maneno ya mtaani kwetu hahitaji maelezo marefu. Shabiki amechukua hadithi ya mwingine akaipa sauti yake.

Lakini si mashabiki wa wahusika wa wengine peke yao. Utakuta meza ya mtu aliyeandika kitabu kizima juu ya vituo vidogo vya reli, jirani yake anauza muziki aliourekodi chumbani, na anayefuata ana mchezo wa kompyuta aliouunda na rafiki zake. Mchezo wa Tsukihime wa kikundi cha Type-Moon uliuzwa hapo Desemba 2000. Mchezo mwingine, Higurashi, ulianza kuuzwa hapo Agosti 2002. Wanawake wa CLAMP, watunzi wa manga, walikuwa kikundi cha dojinshi kabla dunia haijawajua. Nafasi yenyewe ni nusu meza: kila kikundi hupewa sentimita 90 za meza na viti viwili, basi. Ukisimama mbele ya sentimita 90 hizo unaongea na mtunzi mwenyewe, huenda macho yake mekundu kwa kukesha akimaliza kurasa za mwisho.

Comiket ya kwanza ilifanyika tarehe 21 Desemba 1975 katika ukumbi wa mikutano wa jengo la wazimamoto, Toranomon. Vikundi vilikuwa 32 na watu wapatao 700, wengi wao wasichana wa shule za sekondari waliopenda manga za akina Moto Hagio. Walioianzisha walikuwa vijana wa kikundi cha wahakiki kilichoitwa Meikyu, akiwemo Yoshihiro Yonezawa, ambaye aliiongoza kuanzia mwaka 1980 hadi alipofariki mwaka 2006 akiwa na miaka 53. Imekuwa Big Sight tangu mwaka 1996. Desemba 2019, kwa siku 4, mahudhurio yalihesabiwa 750,000. Kisha ikaja korona. Ya Mei 2020 ikafutwa, na iliporudi mwishoni mwa 2021 ilirudi kwa siku 2 na kwa tiketi za kununua mapema, utaratibu uliobaki mpaka sasa.

Kuna mwaka mmoja zaidi wa kukumbuka, kwa sababu unaeleza ukali utakaouona. Mwaka 1991, wakati polisi wa Japani walipokuwa wakiwaandama wauzaji wa dojinshi zenye picha za uchi, ukumbi wa Makuhari Messe ulikataa kuipokea Comiket ya kiangazi, na waandaaji wakalazimika kuihamishia ukumbi wa Harumi, Tokyo. Kila kikundi hukabidhi nakala ya kitabu chake kwa wasimamizi asubuhi, kabla ya kuuza, ikaguliwe. Na tangu hapo kila mshiriki hufundishwa kwamba utundu wa mmoja unaweza kuwakosesha wote mahali pa kukutania. Unapoambiwa usikimbie, usilale nje ya lango, usipige picha ovyo, anayekuambia anakumbuka kwamba waliwahi kufungiwa mlango.

Sasa safari yenyewe. Watu wa Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda wanahitaji viza, na Japani ina balozi Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Kigali. Anza mapema, maana ubalozi utataka kuona ratiba yako ya kila siku na uwezo wako wa kujilipia au wa kulipiwa na mwenyeji. Ndege za moja kwa moja hazipo. Wengi hupitia Addis Ababa, Doha au Dubai. Agosti ile ni majira ya Obon, Wajapani wanaporudi makwao kuwakumbuka marehemu, na Desemba ile ni mwaka mpya, kwa hiyo vyumba na treni za masafa marefu hujaa miezi kabla. Usihangaike kulala Ariake kwenyewe. Lala popote penye njia rahisi ya kufika reli ya Rinkai, ushuke kituo cha Kokusai-Tenjijo, au reli ya Yurikamome, ushuke kituo kinachoitwa Tokyo Big Sight.

Tiketi huuzwa kabla, kwa makundi ya saa za kuingia: za mapema kabisa, ambazo ni chache na ghali zaidi, kisha za asubuhi, kisha za mchana. Siku yenyewe unavaa utepe wa mkononi unaoonyesha kundi lako. Tazama tangazo rasmi wiki nyingi kabla, maana taratibu hurekebishwa kila msimu. Ushauri wangu kwa anayekwenda mara ya kwanza ni huu: siku ya kwanza ingia mchana. Vitabu vichache vilivyo mashuhuri sana vitakuwa vimekwisha, ndiyo, lakini utapita kwenye meza ukiangalia nyuso na kurasa badala ya visogo vya watu. Siku ya pili, ukiwa umeshajua kumbi zilivyo, chukua tiketi ya asubuhi.

Ila hakikisha kwanza siku. Kikundi kimoja huwa na meza kwa siku moja tu, na aina za vitabu hugawanywa: leo michezo ya kompyuta, kesho manga za jarida fulani. Mtu anaweza kusafiri kutoka Mombasa akafika Jumapili, kumbe anachokitaka kilikuwa Jumamosi. Orodha ya vikundi, ambayo zamani ilikuwa kitabu kinene kama cha namba za simu na sasa ipo pia mtandaoni, hutoa anwani ya kila meza: ukumbi, herufi ya safu, namba, kisha a au b kwa upande wa meza. Hapo ndipo wageni hupotea. Herufi za safu si za kilatini peke yake. Nyingi ni za Kijapani, hiragana na katakana, zikining'inia juu ya vichwa vya watu. Huhitaji kujifunza lugha nzima. Chora kwenye karatasi herufi tano au sita za safu unazozitaka, zitazame mpaka macho yazizoee, na karatasi hiyo iweke mfuko wa shati. Usitegemee simu. Umati ule hulemea mitandao, hata kampuni za simu huleta magari yenye mitambo ya ziada. Kama mmekwenda wawili, kubalianeni pa kukutana kabla ya kuingia. Nje ya jengo kuna sanamu ya msumeno mkubwa uliozama ardhini, kazi ya Claes Oldenburg na Coosje van Bruggen, isiyoweza kumpotea mtu.

Kulala nje ya lango usiku kucha ni marufuku kabisa. Fika kwa treni baada ya kupambazuka na utaingizwa kwenye foleni iliyopangwa kama mashamba ya mpunga, mraba baada ya mraba. Mraba wenu unapohamishwa mnaweza kuombwa kuinua mikono juu, ili wasimamizi waone kundi linaanzia wapi na kuishia wapi. Nendeni pamoja, bila kuacha mwanya na bila kupitana. Choo kimalize hotelini.

Ndani, mbele ya meza zenye watu wengi, utakutana na jembe lako. Vikundi mashuhuri huwekwa ukutani, karibu na milango mikubwa, ili foleni zao zitoke nje zisizibe njia. Mtu wa mwisho katika foleni hushika kibao kilichoandikwa kwamba mwisho ni hapa. Ukifika, unamwendea, unampa salamu ya kichwa, unakipokea kibao na kukiinua juu. Anayekuja nyuma yako atakipokea kwako. Hakuna mlinzi wala kamba. Foleni ya watu mia tatu inasimama kwa sababu kila mmoja wao, kwa dakika moja, amekuwa msimamizi wake. Sijui njia nzuri zaidi ya kumwambia mgeni kwamba shughuli hii ni yake. Kishike kwa mikono miwili, hata kama hujui kusoma kilichoandikwa.

Kisha chenji. Abiria yeyote wa daladala anajua uso wa konda anayepewa noti kubwa asubuhi na mapema. Mwuzaji wa dojinshi ni mtu wa kawaida mwenye kisanduku kidogo cha sarafu, na vitabu vingi huwa yeni 500 au 1,000. Noti ya 10,000 inamwumiza. Siku mbili tatu kabla, vunja fedha zako kila ununuapo maji au tiketi ya treni, ukusanye noti za 1,000 na sarafu za 500 na 100, uzitenge kwenye vifuko viwili. Mwisho wa mwaka benki nyingi hufungwa, hivyo toa fedha mapema kwenye mashine za maduka madogo ya saa 24, ambazo hupokea kadi za nje. Na kupatana bei usithubutu. Kariakoo ukitajiwa elfu ishirini unasema kumi na mbili, na hayo ni mazungumzo ya heshima baina yenu. Hapa bei ni gharama ya uchapaji, na wengi wa waliokaa nyuma ya meza hawapati faida yoyote.

Maneno manne ya Kijapani yatakufikisha mbali. Sumimasen, yaani samahani, kwa kila jambo. Mite mo ii desu ka, naweza kutazama, kabla ya kufungua kitabu kilicho mezani. Ichibu kudasai, naomba nakala moja. Na arigatou gozaimasu kwa moyo wote. Ukitazama na usipende, rudisha kitabu taratibu pale kilipokuwa, shukuru, uondoke. Hakuna atakayekuvuta mkono. Ukikwama zaidi ya hapo, lipo dawati la kimataifa kwa ajili ya wageni.

Wanaotaka kuvaa kama wahusika, yaani kufanya kosplei, wajue kwamba Comiket haipendi uje umeshavaa. Unafika na nguo zako za kawaida, unajiandikisha, unalipa ada ya chumba cha kubadilishia, unavaa humo, na kabla ya kuondoka unavua. Treni za umma ni za umma. Kuna maeneo maalumu ya kupigiana picha, mengine nje, na huko pia kuna foleni: unasubiri zamu, unaomba ruhusa, unapiga, unaonyesha picha ikitakiwa, unashukuru. Kumpiga mtu picha akiwa anapita au anakula ni kumvunjia heshima, na kupiga picha ya meza au ya mwuzaji bila kuuliza ni vilevile. Wengi wa wale waliokaa mezani kazini hawajulikani kwamba wanachora, na wana sababu zao.

Kuhusu hali ya hewa, watu wa pwani wasijidanganye. Joto la Agosti la Tokyo hupita nyuzi 33 mara kwa mara, na tofauti na Dar, humo kwenye foleni hakuna mwembe wala upepo wa bahari unaopenya umati. Mwaka 2013 jasho la watu lilipanda hadi darini mwa kumbi likatanda kama ukungu, na picha zake zikasambaa. Beba chupa mbili za maji, kofia, taulo dogo, na kitu chenye chumvi. Mwavuli kwenye foleni humchoma mwenzako jicho. Lakini Desemba ndiyo inayonitia hofu zaidi kwa ajili yenu. Saa tatu za kusimama kwenye saruji, baridi ikiwa nyuzi chache tu juu ya sifuri na upepo ukitoka ghubani, zinaweza kummaliza mtu wa Tanga. Vaa nguo nyepesi nyingi, moja juu ya nyingine, uzivue ukiingia ndani ambako pumzi za watu hupasha ukumbi wote. Madukani huuzwa vifuko vidogo vinavyojipasha moto vyenyewe, vinaitwa kairo. Weka viwili mifukoni na kimoja mgongoni, juu ya fulana.

Wazazi wenye watoto wajue jambo hili wazi: baadhi ya vitabu ni vya watu wazima, na havifichwi sana. Wauzaji huuliza umri, kwa hiyo tembea na pasipoti. Mwenye umri wa kuvinunua naye afikirie anakotoka. Forodha za Dar es Salaam na Nairobi zina sheria kali juu ya picha za ngono, na ofisa wa uwanja wa ndege hatasikiliza hoja kwamba ni sanaa. Vitabu vingine vyote havina shida isipokuwa uzito. Karatasi ni nzito kuliko inavyoonekana. Kampuni za usafirishaji vifurushi huweka kaunta palepale ukumbini. Unanunua sanduku, unapanga vitabu, unaandika anwani ya hoteli, na kesho yake au keshokutwa mzigo unakufuata. Begi la magurudumu liache chumbani, kwa sababu katikati ya umati ule huwatega watu miguu.

Ikifika saa kumi jioni tangazo husikika kwamba Comiket imekwisha, na kumbi zote hupiga makofi, kama zilivyopiga asubuhi wakati wa kufungua. Wenye meza hukunja vitambaa, hupeana nakala zilizobaki na majirani zao, hufunga visanduku. Kisha wasimamizi huomba walio na nafasi wasaidie kukusanya meza na viti. Kama miguu bado inakubeba, usikimbilie treni, ambayo saa hiyo haipandiki hata hivyo. Weka begi lako ukutani, simama kwenye mstari wa watu usiowajua, pokea kiti kutoka kwa aliye kushoto kwako, mpe aliye kulia.